Rangi Aliyoipaka Nduwayezu

Gari la kaka yangu lilifika Kasulu siku ya Jumatatu likiwa juu ya Fuso, limefungwa kamba magurudumu yote manne, katikati ya magunia ya maharage. Halikuwa bovu. Lilikuwa halijawashwa kwa mwaka mzima kwa sababu mwenyewe, Nduwayezu, alifariki Agosti ya mwaka jana, na katika ukoo wetu kitu alichokifanyia kazi marehemu hupumzika mpaka siku ya kumaliza msiba, siku tunayoiita kuganduka. Kama alikuwa mkulima, siku hiyo jembe lake hutolewa ndani, mtu wa ukoo akalima nalo mstari mmoja mbele ya watu, na kuanzia hapo yeyote anaweza kulishika. Nduwayezu hakuwa na jembe. Alikuwa na gari, Carina jeusi, alilolikodisha kwa harusi na mazishi kati ya Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki ile, nyumbani Murungu, Kibondo, gari ndilo lingewashwa mbele ya watu, na baba mdogo Nkunzimana alikuwa amepangwa kuliendesha mpaka barabarani na kulirudisha.

Mimi ni Jeanne, mdogo wake. Nilikaa mbele na dereva wa Fuso tangu alfajiri. Tulipofika kwenye banda la Hilali, fundi wa rangi aliyemfundisha kaka yangu kazi, dereva alirudi nyuma mpaka kwenye tuta la udongo, wakaweka mbao mbili, na vijana sita wakaliteremsha gari wakilizuia kwa mabega.

"Gari zima hili," alisema Gharibu, mtu mzima mwenye upara anayefanya kazi na Hilali. "Limekosa betri tu, mnalibeba kama mgonjwa wa kuhara?"

"Gharibu, nyamaza," Hilali alimwambia. "Hilo ni la marehemu Nduwa."

Gharibu akavua kofia yake. Akalizunguka gari mara moja, akapitisha kidole kwenye mlango, akakinusa.

"Dada," akaniambia, "hili lilikuwa jeusi."

"Ndiyo."

"Sasa hii ni nini?"

"Mawese," nilisema.

Lazima nieleze jambo la mawese, kwa sababu asiyejua atadhani mama yangu hakuwa na akili timamu. Wiki ya pili baada ya mazishi, mama aliona jua limeanza kufubaza rangi ya gari lililosimama ubavuni mwa nyumba. Akasema limekauka. Kwetu kitu kikikauka hupakwa mafuta: ngozi ya mtoto, kigoda, mpini, hata mlango wa mbao. Akachukua kikombe cha mawese na kipande cha kitenge, akalipaka. Likang'aa. Akafurahi, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifurahia kitu tangu msiba. Jumamosi iliyofuata vumbi jekundu lilikuwa limeganda juu yake, akalifuta kwa kitenge kilekile na kupaka tena. Aliendelea hivyo kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Boneti ndiyo aliyoianza kila mara na ndiyo aliyoisugua zaidi, kwa kuwa ndiyo aliyoifikia bila kujinyoosha.

Mimi nilikuwepo. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nilijua mafuta hushika vumbi na vumbi hukwaruza. Sikusema kitu. Kazi nyingine zote za nyumbani alizifanya baada ya kukumbushwa, lakini hiyo hakukumbushwa hata siku moja.

Sasa siku ilikuwa imekaribia. Baba mdogo Nkunzimana alikuja, akaliangalia gari lililokuwa na rangi ya chungu kilichotoka motoni, akasema lipelekwe kwa fundi likapakwe rangi mpya, watu wasije kusema tumeliacha lioze. Mama alikataa.

"Walioshe," alisema. "Walisugue, wafanye wanavyojua. Lakini rangi wasiibadilishe. Ile ni kazi ya mkono wa mwanangu."

Alikuwa na sababu. Gari lilinunuliwa likiwa jeupe. Mwaka jana mwezi wa pili, Nduwayezu aliliweka kwenye banda la Hilali kwa siku tisa na kulifanya jeusi, kisha akaja nalo Murungu, akamwambia mama mbele yangu: "Nimelipaka mwenyewe, mama, kuanzia buti mpaka taa za mbele." Maneno hayo mama aliyarudia sokoni, kanisani, na kwa kila mgeni. Jumatatu ile wakati Fuso inaondoka alinishika mkono kupitia dirishani, akaniita mwanangu kwa Kirundi chetu: "Jeanne, mwana wanje, niahidi." Nikamwahidi kwamba Jumamosi ataona rangi ileile.

Nilimweleza Hilali hayo yote tukiwa tumesimama kando ya gari. Hilali ni mtu wa makamo, babu yake alikuja Kasulu na biashara ya nguo kutoka Tanga, na ana tabia ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliitazama boneti.

"Rangi yote?" aliuliza.

"Yote."

"Haya. Tuanze na kuliosha."

Tulianza Jumanne asubuhi, ndani ya banda, kwa kuwa gari jeusi halisafishwi juani; maji hukauka kabla hujayafuta na kuacha alama. Hilali alinipa fulana kuukuu za pamba na bakuli la mafuta ya taa. Sabuni peke yake ilikuwa imeshindwa: iliteleza juu ya mawese yaliyokauka kama inavyoteleza juu ya nta. Mafuta ya taa yaliyalainisha. Ulipaka, ukangoja kidogo, ukafuta kwa kuelekea upande mmoja, ukageuza kitambaa. Kila kitambaa kilitoka na tope jekundu lenye harufu ya jikoni.

"Nyinyi watu wa Kibondo," Gharibu alisema akiwa amepiga magoti kwenye gurudumu, "mnaunga mpaka magari. Lilibaki kutiwa dagaa tu."

"Lingekuwa limeiva zamani," nilimjibu.

"Yaani kumbe dada anaongea! Hilali, umesikia? Nilidhani tumeletewa gari na bubu wake."

Nilicheka kidogo. Hilali hakucheka. Alikuwa anafuta mlango wa dereva, taratibu, kama mtu anayesoma.

Mpaka alasiri tulikuwa tumemaliza vitambaa arobaini na kitu na kuosha mara tatu kwa sabuni ya maji. Weusi ulirudi, lakini haukuwa weusi niliokuwa naukumbuka. Ulikuwa wa kijivu, kama mkaa uliolala nje. Hilali alipowasha taa ya simu yake na kuishika karibu na bodi, nikaona mikwaruzo maelfu, yote ya duara, moja ndani ya nyingine. Ulikuwa mkono wa mama. Ungeweza kuhesabu alivyozungusha.

"Nyeupe ingemsitiri mama," Hilali alisema. "Nyeusi haifichi ulichoifanyia."

"Itatoka?"

"Milango itatoka. Paa litatoka."

Hakutaja boneti, nami sikuuliza.

Jumatano alinifundisha kutumia msasa wa maji, ule laini kabisa ambao ukiushika unadhani ni karatasi ya kawaida. Unaulowanisha kwenye ndoo ya maji, unaukunja kwenye kipande cha sponji, unasugua kwa mstari ulionyooka bila kubonyeza. Baada ya kila misuguo kumi unamwaga maji na kuangalia. Kaka yangu hakuweka juu ya rangi ile dawa angavu wanayomalizia magari mengine. Alipaka nyeusi peke yake, mara tatu. Kwa hiyo maji yaliyotoka yalikuwa meusi.

Nilisimama kuyaangalia.

"Hii ni rangi?" niliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Tunaiondoa?"

"Dada Jeanne, hakuna namna ya kuing'arisha bila kuipunguza. Mkwaruzo ni shimo. Ili shimo liishe, unashusha kingo zake mpaka zilingane na chini. Tunachoweza ni kupunguza kidogo."

Sikuwa nimefikiria hivyo wakati namwahidi mama. Nilidhani kusafisha ni kuondoa kisichokuwa chake na kubakiza kilicho chake. Nilichovya msasa nikaendelea. Mchana Gharibu alibeba beseni akayamwaga yale maji kwenye mtaro, yakapita mbele ya duka la Zuhra anayeuza soda, yakaelekea chini barabarani. Zuhra alipiga kelele kwamba tunamchafulia wateja. Gharibu akamwambia hayo ni maji ya msiba, avumilie. Zuhra aliuliza msiba wa nani, na alipoambiwa alikuja na soda tatu na kukaa nasi kidogo. Alimjua Nduwayezu. Wengi pale walimjua kuliko nilivyokuwa nadhani.

Milango ilikuja vizuri. Baada ya msasa Hilali alipita na mashine ya kung'arishia na dawa nyeupe ya kopo, akianza na mwendo mdogo, na pale ilipopita nikaona mabati ya banda yamejipanga ndani ya mlango, kisha kilemba changu, kisha uso wangu. Paa lilikuja vizuri. Buti pia. Jioni tuliacha gari zima likiwa jeusi isipokuwa boneti, ambayo Hilali alisema tutaifanya kesho, yeye mwenyewe.

Alhamisi adhuhuri alikwenda msikitini. Boneti ilikuwa bado. Nilikuwa nimeshazoea msasa, mkono wangu ulikuwa mwepesi, na niliona tunapoteza muda, kwa kuwa Fuso ilikuwa inarudi Kibondo Ijumaa asubuhi. Nikalowanisha, nikaanza upande wa kushoto, kwenye ule mkunjo unaoteremka mpaka kwenye taa. Misuguo kumi. Nikamwaga maji, nikaangalia. Misuguo mingine kumi. Kisha nikaona povu dogo, ukubwa wa punje ya harage. Nikalifuta. Halikufutika.

"Dada," Gharibu alisema nyuma yangu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Weka chini hiyo."

Niliweka chini. Lile harage lilikuwa rangi nyeupe ya zamani, ile ya kiwandani. Nilikuwa nimetoboa.

Hilali alirudi akiwa bado na kofia ya sala. Aliinama, akaangalia kwa muda, akapitisha ukucha pembeni mwa doa. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa.

"Siyo wewe," alisema. "Ingetokea hata ningekuwa mimi. Hapa rangi ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Boneti hii inabidi ipakwe upya."

"Haipakwi. Nilimwahidi mama."

"Najua ulichomwahidi."

"Basi tuiache na doa lake."

"Ukiiacha, mvua ya kwanza itaingia hapo na kuinua nyingine yote. Halafu itabanduka kwa vipande." Alivua kofia ya sala, akaikunja, akaitia mfukoni. "Dada Jeanne. Boneti hii hakuipaka Nduwa. Niliipaka mimi."

Gharibu alichukua ndoo akatoka nje kana kwamba anakwenda kuteka maji, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Nilimwambia Hilali anasema hivyo ili nikubali. Akajibu kwamba angependa iwe hivyo. Kisha akawasha taa ya simu na kuniita kwenye mlango wa nyuma. Aliilaza taa mpaka mwanga ukawa unakwenda sambamba na bati, akaniambia niangalie upande wa kulia kabisa. Nikaona kitu ambacho siku tatu za kusugua sikukiona: kando ya ukingo, toka juu mpaka chini, rangi ilikuwa na vivimbe vidogo, kama vile imevuta pumzi hapo kabla ya kuondoka.

"Kaka yako alitumia mkono gani?"

"Wa kushoto," nilisema. Utotoni mama alikuwa anamfunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula, akachoka kabla yake.

"Alianza kulia akaja kushoto. Na alikuwa na kosa moja ambalo nilishindwa kumwachisha: alifungulia rangi kabla mkono haujaanza kwenda. Kwa hiyo kila anapoanzia pana unene. Nenda mlango wa mbele, utakuta. Nenda buti, utakuta. Panda uangalie paa."

Nilikwenda. Ulikuwepo kote. Kisha akaniita kwenye boneti, nyuma kabisa karibu na kioo, mahali ambapo kitenge cha mama hakikufika vizuri na mimi sikuwa nimefika. Akailaza taa kulia, akailaza kushoto. Palikuwa sawasawa pande zote.

"Mimi sina kosa hilo," Hilali alisema. "Nina mengine. Kopo lilikuwa limebaki robo, nikaongeza thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ili itoshe. Ndiyo maana ni nyembamba. Nilidhani nitairudia siku nyingine bila yeye kujua."

Nilimwuliza kwa nini hakuipaka Nduwayezu mwenyewe.

Alinieleza. Naandika alivyosema, bila kuongeza. Siku ya saba ya kazi, Nduwayezu alimaliza milango ya upande wa pili akakaa juu ya kopo la rangi. Hilali akadhani anapumzika. Alipomwendea aliona macho yake yana unjano. Akamwambia aende hospitali. Nduwayezu akasema ni moshi wa thina tu, utapita. Siku ya nane alikuja, akashika bomba la kupulizia, mkono ukatetemeka, akalirudisha. Akakaa tena. Ndipo akamwomba Hilali amalizie boneti na asimwambie mtu. "Aliniambia, nyumbani nimeshasema nalipaka mwenyewe lote. Alisema akipata nafuu atairudia."

Sisi tulijua Nduwayezu ni mgonjwa mwezi wa tano, tumbo lilipoanza kujaa maji. Daktari alisema ni ini, na akauliza tumekuwa wapi. Tulijibu kwamba imeanza juzijuzi. Kutoka mwezi wa pili mpaka wa tano ni miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo alimleta mama Kasulu mara nne kwa ajili ya mguu wake, akamngojea nje ya hospitali ndani ya gari, akamrudisha Murungu.

"Na wewe ukanyamaza," nilimwambia Hilali.

"Nilinyamaza. Alikuwa mtu mzima, na alikuwa ameniomba. Halafu nilikuja kwenu mara mbili baada ya mazishi, nia yangu ni kusema. Mara zote nilimkuta mama anapaka mafuta boneti ileile. Nikanywa maji, nikaaga."

Nilikaa kwenye tairi lililokuwa karibu. Sikulia. Nilikuwa nafikiria jambo dogo la Jumamosi: kwamba inawezekana Hilali aipake boneti leo, ikauke, na mama aione nyeusi na kuridhika, na hakuna mtu angejua. Hilali naye alikuwa amefikiria hilo.

"Mwache amalize msiba kwanza," alisema. "Mwambie baadaye."

"Akimaliza halafu ndiyo nimwambie, atakuwa amemaliza msiba gani?"

Nikamwambia aipake.

Alisugua boneti yote mpaka nyeupe, akaweka praima, ile rangi ya chini inayotangulia, akafunika vioo na taa kwa magazeti, akamwagia sakafu maji ili vumbi lisiinuke. Alipaka mara tatu, akingoja kati ya mara moja na nyingine. Nilisimama mlangoni nikiwa nimefunika pua. Mkono wake ulitoka kushoto kwenda kulia, kimya, na rangi ilianza pale tu mkono ulipokuwa tayari unakwenda.

Ijumaa tuliondoka na Fuso. Hilali alisema atakuja kesho yake na basi, akiwa na betri.

Tulifika Murungu saa nane mchana. Vijana wa jirani walilishusha gari, wakaondoka kwenda kuchimba mashimo ya nguzo za turubai. Mama alikuwa anamenya mihogo uani. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akalizunguka gari bila kuligusa. Kwenye mlango wa dereva alisimama, akajiona, akarekebisha kilemba.

"Yoo," alisema. "Wamejua."

"Mama, boneti imepakwa upya."

Aligeuka. "Nilisema nini, Jeanne?"

"Ulisema isibadilishwe. Ya zamani ilitoboka mkononi mwangu. Lakini ile ya zamani hakuipaka Nduwayezu. Aliipaka Hilali."

Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kwa Kirundi, kwa sababu kwa Kiswahili ningeshindwa kumtazama. Sikuruka unjano wa macho wala mkono uliotetemeka. Alirudi kwenye kigoda chake, akachukua kisu, akachukua muhogo, asiumenye.

"Alikaa kwenye nini?" aliuliza.

"Kwenye kopo la rangi."

"Lililojaa au tupu?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza. Tupu linabonyea." Aliugeuza muhogo mkononi. Kisha akasema, "Nilikuwa nakaa naye pale mbele. Namwambia aongeze mwendo, nitachelewa kupata namba hospitali. Macho yake sikuyaangalia. Nilikuwa naangalia barabara."

Nilitaka kusema hakuna ambaye angejua. Sikusema, maana haikuwa kweli; Hilali alijua.

"Anakuja kesho huyo Hilali?"

"Anakuja na betri."

"Nitamwuliza mwenyewe," mama alisema, akaanza kumenya.

Jumamosi watu walifika wengi. Katekista aliongoza sala, kwaya iliimba, jina la Nduwayezu likatajwa pamoja na majina ya baba na babu. Hilali alikuwa amefika mapema, akafunga betri, akakaa nyuma kabisa karibu na wapishi akiwa na kanzu safi. Baada ya sala watu walilizunguka gari. Baba mdogo Nkunzimana alikuwa amevaa koti la suti licha ya jua, na alinyoosha mkono apewe ufunguo.

Mama alimpita, akaenda mpaka kwa wapishi, akaweka ufunguo mkononi mwa Hilali.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "huyo si wa ukoo. Na wala si wa kanisa."

"Ego, ndiyo, si wa ukoo," mama alijibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwanangu alipokuwa akipaka gari hili aliugua, akashindwa kumaliza. Alimpa huyu amalizie. Mimi sikujua, na nyinyi hamkujua. Sasa nampa yeye aliwashe."

Watu waliokuwa wamesikia habari ya buti mpaka taa za mbele walitazamana.

"Mama," Hilali alisema taratibu, "mimi ni fundi rangi. Udereva wangu ni wa kutia aibu."

"Basi endesha kwa aibu," mama alisema, na mtu mmoja kati ya wanakwaya alicheka, kisha wengine. Hata baba mdogo alivua koti.

Mama alikaa mbele, kushoto kwa dereva, mahali pake. Gari lilikohoa mara mbili, mara ya tatu likawaka na kutoa moshi, wanawake wakapiga vigelegele. Liliondoka kwa kuruka kama chura, likatulia, likateremka njia ya kati ya migomba mpaka kwenye barabara kubwa. Mpango ulikuwa ligeuze pale na kurudi, kisha watu wale chakula. Lilifika, likasimama pembeni. Mlio wa injini ukakoma.

"Limezima!" baba mdogo alisema. "Si nilisema? Vijana, twendeni tukasukume."

Kutoka uani niliwaona kupitia kioo cha nyuma. Hilali alikuwa anaongea, mikono yote miwili ikiwa bado kwenye usukani. Mama hakuwa anaangalia barabara. Alikuwa amemgeukia mzima mzima, na kila alipotulia alimwuliza kitu kingine.

"Halijazima, baba mdogo," nilisema. "Wamelizima wao. Waacheni."

"Na chakula?"

"Kitangoja."

Alisita, akaketi. Wapishi waliniuliza kama wapakue, nikawaambia bado, wafunike masufuria.